Mpelelezi, jambazi, baba au mkaguzi: gemu ipi ya kisa cha uhalifu ikufae?

Hapa Tanga mtu akisikia gemu, akili inakwenda kwenye mpira. Ingia kibanda chochote cha gemu Ngamiani au Makorora, utakuta vijana wamebanana kwenye benchi, padi mbili za kuchezea zinapokezana, wanalipia mechi moja moja, na kelele za aliyefungwa zinafika barabarani. Ni burudani nzuri na sina ugomvi nayo. Lakini iko aina nyingine ambayo kibandani haikai, kwa sababu haichezwi kwa mechi. Ni gemu ya mtu mmoja, yenye kisa kirefu. Mwanzoni kuna maiti au mtu aliyepotea, na wewe ndiye unayeingia ndani ya nyumba, unafungua droo, unauliza, unadanganywa, unakosea, na kisa kinaendelea huku kimebeba kosa lako. Kwa mtu anayefuatilia tamthilia kila jioni, au aliyekulia kwenye riwaya za upelelezi, hii ni starehe kubwa sana. Inaniuma nikiona watu wanaiacha moja kwa moja kwa sababu tu ya kwanza waliyoichukua haikuwafaa.

Wanaoniomba ushauri huuliza mambo mawili: ipi ina picha kali, na ipi ni ndefu. Majibu ya maswali hayo hayamsaidii mtu. Gemu mbili zinaweza kulingana kwa picha na kwa urefu, moja ukaing'ang'ania mpaka mwisho na nyingine ukaichoka siku ya pili. Jiulize hivi: humo ndani ya kisa, mimi nimepewa kazi gani? Kuhoji watu ni kazi. Kuwa mwanachama wa genge na kutii amri ya mkubwa ni kazi nyingine kabisa. Kumtafuta mwanao huku muda unayoyoma ni ya tatu. Kubaki peke yako na maiti na daftari, bila wa kukuelekeza, ni ya nne. Anayependa mojawapo anaweza asiivumilie nyingine, hata kama zote zimepangwa rafu moja.

Kwa hiyo nimechukua nne, moja kwa kila kazi: L.A. Noire, Mafia: Definitive Edition, Heavy Rain na Return of the Obra Dinn. Grand Theft Auto V na Red Dead Redemption 2 nimeziacha makusudi. Kisa wanacho, tena cha Red Dead kinaweza kumtoa mtu machozi. Tatizo ni kwamba dunia zao ni pana mno, na wachezaji wengi huishia kuzurura, kuiba magari au kuwinda, mpaka wanasahau kisa kiliishia wapi. Isitoshe, Red Dead Redemption 2 kwenye kompyuta inadai nafasi ya GB 150. Kwa mtu anayenunua bando, hilo si jambo la kulipuuza.

Kuhoji au kutii: L.A. Noire na Mafia

Hizi mbili ndizo watu wanazozichanganya zaidi, maana kwa mbali zinafanana: kofia, makoti marefu, magari ya kizamani, Marekani ya zamani. Moja inatokea Los Angeles ya mwaka 1947. Nyingine inatokea Lost Heaven, mji wa kubuni, miaka ya 1930. Kote utaendesha gari, utakimbizana na watu na utapiga risasi. Ukiangalia vipande vya video tu utadhani ni ndugu. Ukishika padi utaona zimepishana kama mashariki na magharibi.

Katika L.A. Noire wewe ni Cole Phelps, mwanajeshi aliyerudi kutoka vita vya Okinawa, kisiwa cha Japani, akajiunga na polisi. Unaanza na doria, kisha unahamishwa kitengo kwa kitengo: magari, mauaji, dawa za kulevya na maovu ya mjini, mwisho uchomaji wa nyumba. Gemu hii ilitengenezwa na Team Bondi ya Australia, ikatolewa na Rockstar Games mwaka 2011, na mwaka 2017 ikarudishwa kwa mashine mpya zaidi kama PlayStation 4 (PS4). Kinachoitofautisha na nyingine zote ni nyuso. Waigizaji walikalishwa katikati ya kamera 32, sura zao zikarekodiwa kutoka kila upande, ndipo zikaingizwa kwenye gemu. Kwa hiyo unayemhoji anameza mate kweli. Anakwepesha macho. Anatabasamu sekunde moja zaidi ya inavyopaswa. Kila baada ya jibu unaamua mambo matatu: umwamini, umtilie shaka, au umwambie waziwazi kwamba anadanganya. Ukichagua hili la mwisho lazima uwe na ushahidi wa kumwekea mezani, vinginevyo anakugeuzia kibao na swali limekwisha. Toleo la 2017 lilibadilisha majina ya vitufe hivyo, lakini kazi ni ileile.

Nitoe mfano wa kesi moja ya mwanzoni, ili uone kazi yenyewe ilivyo. Gari limeachwa karibu na reli. Viti vina damu, mwenye gari haonekani, mke wake yuko nyumbani hajui lolote. Unazunguka gari. Muziki wa polepole unapiga, na kila ukikaribia kitu chenye maana unasikia noti chache za kinanda. Unaokota miwani. Unaokota bomba lenye damu. Kisha unakutana na risiti ya mtu aliyenunua nguruwe hai. Unaigeuza mkononi, unaisoma, unaiandika kwenye daftari, na huelewi. Unakwenda kwa mke huku risiti imekukaa kichwani. Sitamwaga mchele. Nitasema tu kwamba risiti ile ni jibu zima, na gemu imekuachia wewe uunganishe.

Kesi hiyo niliicheza sebuleni siku mjomba wangu alipopita kutusalimia. Mjomba hajawahi kushika padi maishani. Alikaa nyuma yangu na kikombe chake cha kahawa, na yule mke alipokuwa anajibu maswali, akasema: “Mjomba, huyo mama hajakwambia yote. Mtazame mdomo. Usimpite hivihivi.” Nikamtilia shaka, naye akatoa neno jipya. Mjomba akasogeza kiti mbele. Alikaa mpaka adhana ya isha, na tangu siku ile akija huuliza, “Yule askari wako amefikia wapi?” Ndiyo maana nasema gemu ya mtu mmoja si lazima iwe ya upweke. L.A. Noire ni gemu ya mshika padi mmoja na wapelelezi watano nyuma yake, kila mmoja na mshukiwa wake.

Udhaifu upo, tena si mdogo. Vitufe vile vitatu havikwambii Phelps atasema nini hasa. Unachagua kumtilia shaka bibi aliyefiwa, ukikusudia kumdodosa kwa upole, Phelps anamfokea kama jambazi. Jiji limejengwa kwa uangalifu wa ajabu, ila ukishuka kwenye gari hakuna la maana la kufanya. Na kitengo cha mauaji kina kesi zinazokaribiana mno, hadi katikati mtu anaweza kuchoka. Kingine kinachowagawa wachezaji ni kwamba hata ukikosea maswali mengi, kesi itafika mwisho. Utapewa nyota chache, mkubwa wako atakugombeza, wakati mwingine utakuwa umemfunga asiyehusika, na maisha yanaendelea. Wapo wanaoona hilo ni kasoro. Mimi naliona ni jambo bora kabisa katika gemu hii. Kumfungulia mashitaka mtu usiye na uhakika naye, kisha kulazimika kwenda kesi inayofuata ukiwa na shaka hiyo moyoni, sijalipata kwenye tamthilia yoyote, maana huko makosa ni ya mwandishi.

Mafia haikuulizi chochote. Wewe ni Tommy Angelo, dereva wa teksi, na usiku mmoja wa mwaka 1930 watu wawili wa Don Salieri, mkuu wa genge, wanaingia kwenye gari lako wakiwa wanakimbizwa. Unawaokoa kwa sababu bastola iko kichwani kwako. Baada ya hapo huwezi tena kuwa dereva wa teksi. Kisa chote anakisimulia Tommy mwenyewe mwaka 1938, amekaa na mpelelezi wa polisi, anataka kutoka kwenye genge. Kwa hiyo tangu dakika za mwanzo unajua kwamba mambo yaliharibika. Usichojua ni namna yalivyoharibika, na nani alimgeuka nani.

Kazi yako humu ni kutii. Sura 20, zimenyooka, moja baada ya nyingine. Nenda pale, msindikize huyu, chukua kile, rudi. Wapo wanaoiona Mafia ni gemu ya kizamani kwa sababu hiyo. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Ukosefu ule wa uchaguzi ndio unaoleta uchungu. Kuna siku utatumwa kufanya jambo ambalo Tommy hataki kulifanya, na wewe hutaki, na hakuna kitufe cha kukataa. Sura chache kabla ulikuwa unafurahia suti mpya na gari jipya. Maisha ya genge yanamvuta mtu hivyohivyo: raha inatangulia, bili inakuja baadaye.

Chimbuko lake ni gemu ya mwaka 2002 iliyotengenezwa Jamhuri ya Czech na Illusion Softworks. Hii ninayoizungumzia ni ya 2020, imejengwa upya na Hangar 13, na huhitaji kuijua ile ya kwanza. Magari yake ni mazito, kwenye mlima yanapumua kwa shida, na ukiweka kiwango kigumu polisi watakusimamisha kwa mwendo kasi. Kuna sura ya mashindano ya magari ambayo kwenye toleo la zamani iliwakatisha tamaa watu wengi sana. Sasa unaweza kupunguza ugumu, na ikikushinda punguza tu bila aibu, kisa kiko mbele. Wenye PS5 wakishaipenda wana Mafia: The Old Country ya 2025, iliyopelekwa Sisilia mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa PS4 hiyo haipo.

Sasa tuziweke bega kwa bega pale zinapoachana kwa mtu wa kawaida. La kwanza ni Kiingereza. Kati ya hizi nne hakuna yenye Kiswahili, hata cha maandishi. Kwenye Mafia ukipoteza nusu ya maneno bado utaelewa nani kamkasirikia nani, maana matendo yanasema. Kwenye L.A. Noire neno moja likikupita, uongo umekupita, na watu wa humo wanasema Kiingereza cha mtaani cha miaka ya 1940. La pili ni muda. Mafia ni kama masaa kumi na kitu. L.A. Noire inakaribia mara mbili yake, ila kesi zake zimekatwa vizuri, kesi moja inatosha jioni moja. La tatu ni nani yuko sebuleni. Mafia inavutia kuitazama, lakini anayetazama hana la kuchangia. Kwa nyumba yenye watu na Kiingereza cha kutosha, nachukua L.A. Noire bila kufikiria mara mbili. Kwa mtu anayecheza peke yake usiku baada ya kazi, kichwa kimechoka, anataka kubebwa na kisa, nampa Mafia.

Steringi akifa: Heavy Rain

Tuliokulia kwenye mabanda ya video tuna kanuni moja tuliyoiamini kuliko hesabu: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa, atatupwa mtoni, lakini dakika ya mwisho atatokea. Heavy Rain imeivunja kanuni hiyo makusudi. Ina watu wanne unaowaendesha kwa zamu: Ethan, baba aliyepotelewa na mtoto, Shelby, mpelelezi wa kujitegemea aliye mtu mzima, Madison, mwandishi wa habari, na Jayden wa FBI, polisi wa upelelezi wa Marekani. Yeyote kati yao anaweza kufa, na gemu haikurudishi nyuma ujaribu tena. Kisa kinaendelea bila yeye. Uliyezoea kumwona akiingia mlangoni haingii tena, na wengine wanabaki kukimaliza au kushindwa kukimaliza.

Imetengenezwa na Quantic Dream ya Ufaransa, ikatoka mwaka 2010 kwa PS3, baadaye PS4, na 2019 kompyuta. Kisa chenyewe: kuna muuaji anayewateka watoto wa kiume na kuwazamisha kwa maji ya mvua, akiwaachia kiumbo cha karatasi iliyokunjwa mkononi. Kadiri mvua inavyonyesha, ndivyo maji yanavyopanda alipofungiwa mtoto wa Ethan. Mtu wa pwani aliyewahi kuamka usiku wa masika akakuta maji yameingia ndani hahitaji kuelezewa hofu hiyo.

Kazi yako humu ni kubonyeza kwa wakati na kuamua kwa haraka. Mwanzo ni wa taratibu mno: kupiga mswaki, kuandaa meza, kucheza na watoto uani. Wengi huacha hapo. Vumilieni, jamani. Ule utaratibu unakufanya uishi kwenye ile nyumba, ili linapotokea la kutokea, liwe limekutokea wewe. Baadaye Ethan anapewa majaribio ili athibitishe anampenda mwanawe kiasi gani, na lipo moja linalomtaka akate kidole chake mwenyewe. Unaweza kukataa. Nilikaa na padi mkononi muda, na sijawahi kusitasita namna ile kwenye gemu yoyote.

Ukiilinganisha na L.A. Noire kama kazi ya upelelezi, Heavy Rain ni dhaifu. Humtafuti muuaji kwa akili, unapelekwa kwake kwa moyo. Na siri ya nani ndiye muuaji ina matundu, ukiirudia mara ya pili utaona mahali ambapo gemu ilikuficha jambo kwa hila. Sauti za baadhi ya waigizaji nazo zinakwaruza. Lakini kama wewe ni mzazi, au una mdogo uliyemlea, kaa ukijua itakuingia mahali ambapo hizo nyingine hazifiki. Kiingereza chake ni chepesi kuliko cha zote, na vitufe vinaonyeshwa kwenye skrini, hivyo hata asiyewahi kucheza gemu anaiweza. Tena mwanzoni inakuuliza umezoea padi kiasi gani, ili ijipime ugumu.

Meli imerudi bila watu: Return of the Obra Dinn

Hii ndiyo ambayo wengi hawataichagua wakiiona, nami nataka kuitetea. Picha zake ni nyeusi na nyeupe tupu, nukta na mistari, kama kompyuta za miaka ya themanini. Imetengenezwa na mtu mmoja, Lucas Pope, ikatoka mwaka 2018, na mwaka huohuo ikashinda tuzo ya uongozi wa sanaa, yaani mwonekano, kwenye The Game Awards, tuzo za gemu za kila mwaka. Hakuna kupiga risasi. Hakuna gari. Hakuna wa kumhoji, kwa sababu waliokuwemo wamekufa au wametoweka.

Mwaka ni 1807. Meli ya kampuni ya Uingereza ya East India, Obra Dinn, iliyopotea tangu 1803, imeonekana ikielea karibu na bandari, matanga yamechanika, sitaha kimya. Wewe ni mkaguzi wa bima. Unapanda na kitabu chenye majina ya watu 60, na saa ya mfukoni yenye uwezo mmoja wa ajabu: ukiifungua karibu na maiti, skrini inakuwa giza, unasikia sekunde za mwisho za uhai wake, kisha unatokea ndani ya tukio lenyewe, kila kitu kimesimama. Risasi imesimama hewani. Mdomo wa mtu uko wazi. Unatembea katikati yao. Katika tukio la kwanza kabisa mlango wa nahodha unagongwa, watu wanapaza sauti nje, kisha bunduki inalia. Mlio ukitulia unamzunguka aliyepigwa na kujiuliza: huyu ni nani kati ya majina 60? Amekufaje? Nani kamuua?

Kwa watu wa mji wa bandari, ambao wana mjomba au babu aliyewahi kuwa baharia, hii ina ladha yake. Ngazi za meli zote ziko humo: nahodha, maofisa, serahangi, seremala, mpishi, daktari, wapanda milingoti. Mabaharia wanatoka Uingereza, India, China, Urusi na kwingineko, na njia pekee ya kumtambua mtu ni kumsoma. Lafudhi yake. Nguo zake. Viatu. Anakula na nani, anasimama upande wa nani pakizuka ugomvi, analala wapi. Gemu haikwambii kama umepatia mpaka upatie watu watatu kwa mkupuo, hivyo kubahatisha hakukufikishi mbali. Nilipofunga watatu wa kwanza nilisimama nikazunguka chumba. Ushindi ule haukutokana na wepesi wa vidole, ulitokana na kutazama tu. Na kwa wanaopenda habari za bahari zenye mambo yasiyo ya kawaida, yamo pia, sisemi zaidi.

Ukiiweka kando ya L.A. Noire utaona tofauti ya kweli ya upelelezi. Phelps anaongozwa: kinanda kinamwambia kitu kiko wapi, na kesi itakwisha tu. Mkaguzi wa Obra Dinn haongozwi na yeyote, na ukikwama umekwama. Kwa akili tupu, hii ndiyo kubwa kati ya zote nne. Kwa hisia ni baridi, maana humjui mtu yeyote hadi amekwisha kufa. Asiyependa mafumbo asiiguse, atajitesa bure. Anayependa kucheza bao kwa utulivu na kuhesabu mbele, hii ni yake.

Umeme, mashine na watoto

Mambo haya yanaamua zaidi ya tunavyokiri. Umeme ukikatika, au yuniti zikiisha katikati, gemu zote nne hujihifadhi zenyewe, ila kwa vipindi. Kwenye L.A. Noire unaweza kurudishwa nyuma kidogo na kurudia mahojiano, jambo linalokera kwa sababu majibu umekwisha kuyasikia. Mafia inakurudisha mwanzo wa kipande ulichokuwamo. Obra Dinn ndiyo salama kuliko zote, kwa kuwa inakubali kompyuta mpakato ya kawaida yenye betri, taa zikizima mtaani wewe unaendelea. Mafia kwenye kompyuta inataka nafasi ya GB 50 na kadi nzuri ya picha. L.A. Noire imekwisha zeeka, GB 16 zinaitosha. Mwenye PS3 peke yake asijione amechelewa: L.A. Noire na Heavy Rain zote zilianzia huko, na diski zake za mtumba bado zinazunguka.

Kuhusu watoto sina maneno mengi. Zote nne ni za watu wazima. L.A. Noire ikifika kitengo cha mauaji inaonyesha miili ya wanawake ikiwa uchi, Heavy Rain ina uchi na kujiumiza, Mafia ina matusi mfululizo. Hata Obra Dinn ina damu, ingawa ni nyeusi. Subirini walale.

Watu huniuliza pia kuhusu Disco Elysium ya 2019, kwa kuwa inasifiwa kila mahali. Ni kazi kubwa ya uandishi: mpelelezi anaamka hotelini hakumbuki hata jina lake, na nyuma ya hoteli kuna maiti inaning'inia mtini. Lakini ina maneno zaidi ya milioni moja ya kufuatilia kwenye skrini, kwa Kiingereza cha kifalsafa. Kama unasoma riwaya za Kiingereza kwa raha, ichukue leo. Kama husomi, itakunyima usingizi kwa sababu mbaya.

Ukishachagua, kuna mipangilio ya kushughulikia kabla hujaanza. Kwenye L.A. Noire washa maandishi ya chini kabla ya kesi ya kwanza. Ukifika kitengo cha mauaji zima ile milio ya kinanda na mtikisiko wa padi unaokuonyesha ushahidi, upelelezi utakuwa wako kweli. Mafia iache kwenye ugumu wa kawaida, na uendeshe gari kwa mipangilio ya kawaida hadi umezoea breki zake. Kwenye Heavy Rain ukipoteza mtu, usirudie sura hiyo. Maliza kwanza na uliobaki nao. Na Obra Dinn icheze ukiwa umevaa hedifoni, kwa sababu dalili nyingi za majina zimo kwenye sauti za gizani kabla picha haijatokea. Majibu yamejaa YouTube, lakini usiyafungue hata ukikwama wiki nzima, kwani jina ukishaliona huko hutapata tena nafasi ya kuligundua mwenyewe.